Pini Elfu Moja Mia Tatu Thelathini na Moja

Jumanne saa nne asubuhi kompyuta ilikataa kufungua faili, na ilipotimu saa nne na robo Baba Pacha alikuwa ameshasema "najua" mara tatu.

Faili lilitoka shule ya wasichana ya pale juu kilimani. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa nembo mpya: kitabu kilichofunguliwa, mwenge, na maneno matatu yaliyopinda kwa chini. Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kuugeuza mchoro ule uwe mishono kwenye kompyuta, mashine yake ya kudarizi iushone juu ya kitambaa, na sampuli ifike mezani kwa katibu wa shule Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Sweta mia nne zilisubiri nembo. Fundi mwingine, mwenye karakana na wafanyakazi sita, alikuwa amepewa mchoro uleule na siku zilezile. Mama Pacha alikuwa na chumba kimoja, mashine moja na hiyo kompyuta, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita kwa kazi iliyozidi kupunguza suruali. Aliitaka kazi ile mpaka akaona aibu kusema anavyoitaka.

Sasa faili lilihitaji toleo jipya la programu ya kudarizi, na toleo jipya, baada ya kuwekwa, likaandika kwenye kioo kwa adabu kabisa kwamba prosesa ya kompyuta hii ni ya zamani mno.

"Najua," alisema mumewe, hiyo ya nne. "Prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Inabadilishwa tu. Unatoa ya zamani, unaweka mpya."

"Umewahi kuibadilisha?" aliuliza mama yake kutoka kwenye kiti cha mlangoni.

"Mama, mimi nimetengeneza milango mingapi? Kitu kinachoingia kwenye tundu nakijua."

Alikuwa seremala, na mtaani walimwita Futi kwa sababu ya ile futi ya chuma isiyobanduka mkandani. Tumseme kwa haki: hakuwa mvivu, na meza zake hazikuwahi kuyumba. Ila neno "sijui" kwake lilikuwa sawa na suruali kuchanika nyuma mbele za watu. Angetembea kinyumenyume mpaka nyumbani kuliko kuonwa. Mama yake, mkunga mstaafu, ndiye aliyemzaa lakini ugonjwa huo hakumwambukiza yeye. Bibi yule aliuliza kila kitu. Wauza dawa wa mtaani wakimwona anakuja walijifanya wanahesabu vidonge.

Mchana huo walilifungua kasha la kompyuta. Baba Pacha aliondoa feni, akanyanyua kijiti cha kufungia, akaitoa prosesa na kuilaza kiganjani. Ilikuwa kibati cha mraba, kiasi cha kiberiti, upande mmoja laini na upande wa pili umejaa pini za rangi ya dhahabu. Bibi alileta lenzi yake ya kusomea.

"Ziko ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi si hesabu, mwanangu. Kila moja ina kazi yake, au nyingine ni mapambo?"

"Kila moja ina kazi," alisema Baba Pacha, ambaye hakuwa na habari yoyote juu ya jambo hilo.

Basi wakazihesabu. Bibi alishika lenzi na njiti ya ufagio, Mama Pacha akaandika mstari kwa mstari nyuma ya karatasi ya vipimo vya gauni, na walipopotea walianza upya. Zilifika elfu moja mia tatu thelathini na moja. Baba Pacha alipima pande zote, milimita arobaini kwa arobaini, akachora umbo lake juu ya kipande cha mbao nyembamba bila kusahau alama ndogo ya pembetatu kwenye kona moja.

"Kiungo kikiingia bila kulazimishwa, kimekubali," alisema. "Ulimi na tundu havigombani."

Kwa seremala hiyo ni kweli tupu. Ndipo lilipokuwa kosa, na hakuna aliyeliona, hata Bibi, kwa kuwa alikuwa amefurahi mno na hesabu yake.

 

Muuzaji wa vifaa vya kompyuta alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye duka jembamba kama korido. Jumatano asubuhi Baba Pacha aliingia na mkewe nyuma yake, akaweka kipande cha mbao kaunta.

"Nataka prosesa mpya ya pini elfu moja mia tatu thelathini na moja."

Muuzaji aliitazama mbao, kisha akamtazama yeye. "Umezihesabu?"

"Mama yangu kazihesabu."

"Basi mpe salamu zangu. Kazi hii nina miaka tisa na sijawahi kuzihesabu." Akatoa kiboksi kabatini. "Hii hapa, ya familia hiyohiyo. Bodi yako, ile inayobeba prosesa, ni ya mwaka gani?"

"Ya kawaida."

"Na bayosi umeangalia? Iko toleo gani?"

Neno hilo Baba Pacha alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza duniani. Uso wake haukubadilika hata kidogo. "Nimeshaangalia. Iko sawa."

Mama Pacha aligeuka akamtazama. Jana alikuwa naye tangu kompyuta ikatae mpaka kasha lifungwe, na hakumwona akiangalia kitu chochote chenye jina hilo. Angeweza kuuliza. Lakini muuzaji alikuwa anazungumza na mumewe, si yeye, na mke kumkosoa mume dukani ni habari inayofika nyumbani kabla yao. Akanyamaza. Kunyamaza kule kulikuja kumuuma kuliko uongo wenyewe.

Muuzaji aliichukua prosesa ya zamani kwa kubadilishana, bei ikashuka theluthi, na wote watatu wakaridhika.

Nyumbani prosesa mpya iliingia. Iliingia vizuri hata Baba Pacha akamwita mama yake aje kuona: pembetatu juu ya pembetatu, pini zote zimezama kwa uzito wake tu. Alipaka juu yake grisi ya kupoza joto, akafunga feni, akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka. Kioo kikabaki cheusi.

Alizima, akawasha. Alichomoa, akachomeka. Alipiga kasha kofi dogo la ubavuni, kama vile hasira ingesaidia.

"Anapumua," alisema Bibi, amekaza macho, "lakini halii."

"Mama, tafadhali."

"Mtoto akipumua asilie, unatafuta sababu. Humzimi na kumwasha."

Alizima na kuwasha mara kumi na moja. Kisha alitoa futi mkandani akapima tundu upya, milimita arobaini kwa arobaini, akakaa chini juu ya stuli ya mkewe.

"Ile bayosi," aliuliza Mama Pacha polepole. "Uliiangalia?"

Baba Pacha aliirudisha futi mkandani.

"Ni nini hiyo bayosi?"

"Ni kitu cha ndani," alisema mumewe.

Mama Pacha aligeukia mashine yake ya kudarizi akaanza kuifuta vumbi ambalo halikuwepo. Alikuwa na hasira naye na hasira na nafsi yake, na machozi yalimtoka hivyohivyo anafuta. Siku ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Yule mwenye wafanyakazi sita huenda alikuwa ameshamaliza mwenge na yuko kwenye kitabu.

Bibi hakumfokea mwanawe. Alivuta kiti akakaa karibu naye. "Mficha uchi hazai," alisema. "Nimewaona wengi. Wanakuja wamejifunga shuka mpaka shingoni, unauliza inauma wapi, wanasema hapaumi. Sasa nitamsaidiaje mtu asiyeumwa? Kesho tunarudi dukani wote watatu. Na wewe utaniachia mimi niulize."

 

Alhamisi duka lilipofunguliwa tu, walikuwa mlangoni, kasha la kompyuta limefungwa kwenye shuka kama mgonjwa. Bibi aliuliza yote: kwa nini kitu kiingie halafu kikatae? Pini zimekosea hesabu? Nani kamkataa mwenzake, prosesa au bodi?

Muuzaji alipata mtu wa kuzungumza naye. Alisogeza kiti.

"Bibi, hesabu yako ni sahihi kabisa. Lakini ndani ya bodi kuna programu ndogo inayoiamsha mashine. Ndiyo bayosi. Ina orodha ya prosesa inazozijua. Bodi yenu ilitengenezwa kabla prosesa hii haijazaliwa, kwa hiyo haimo kwenye orodha. Imekuja mlangoni, imeingia hata sebuleni, lakini mwenye nyumba haijui."

"Orodha haiongezwi?"

"Inaongezwa. Kuna faili, nitawawekea kwenye flashi. Ila ili bodi ipokee orodha mpya, lazima kwanza iamke. Na ili iamke..."

"Inataka prosesa inayoijua," alimalizia Mama Pacha. "Ile ya zamani."

"Hasa."

"Mwenyeji wa kumtambulisha mgeni," alisema Bibi, na macho yakamng'aa kwa utamu wa jambo lenyewe. Kisha yakafifia. "Na mwenyeji tumekuuzia wewe."

"Na mimi nimemuuza," alisema muuzaji. "Jana ileile. Yuko ofisi ya kuchapa na kutoa kopi, nyuma ya posta. Ya kwao ilikuwa imekufa." Alimtazama Baba Pacha bila ubaya. "Ndiyo maana niliuliza."

Baba Pacha alikuwa anasoma kwa makini sana bei za nyaya ukutani.

Ilibaki kujua jina kamili la bodi, kwa maana faili la bodi nyingine likiingia humo, alisema muuzaji, bodi haiamki tena kabisa. Jina liliandikwa juu yake kwa herufi ndogo kama chawa, na herufi ya mwisho ilikuwa B, au ilikuwa nane. Muuzaji alisema B. Baba Pacha, kwa mazoea, akasema ni B tu. Mama Pacha aliomba lenzi, akainamisha taa ya mezani, akaitazama kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine kabla ya kuufumua.

"Ni nane," alisema. "Mgongo wake umebonyea katikati."

Muuzaji akatazama tena. Ilikuwa nane. Akafuta faili alilokuwa ameliweka, akaweka lingine, na nyuma ya risiti akawaandikia hatua saba. Hatua ya tano aliipigia mistari miwili: umeme usikatike.

 

Mwenye ofisi ya kuchapa alikuwa mama mnene mwenye penseli mbili nyweleni, na wateja wanne walikuwa wamepanga mstari. Aliwasikiliza bila kuacha kuchapa.

"Yaani mnataka nizime mashine yangu, saa nne asubuhi, watu wamesimama, nitoe kitu nilichokinunua jana, niwaazime."

"Nusu saa, dada," alisema Mama Pacha. "Hapahapa mezani kwako. Hatuondoki nacho. Sampuli yangu ni kesho saa sita, na bila hicho sina cha kupeleka."

"Na hao wateja wangu nani atawaambia?"

Penseli mbili zilimgeukia Baba Pacha.

"Wewe baba ndiye uliyekiuza? Basi simama mlangoni. Kila anayekuja, mweleze mwenyewe mashine imezimwa kwa nini. Usiseme umeme. Usiseme mtandao. Sema ni wewe."

Lakini kwanza Baba Pacha aliombwa kuitoa prosesa, kwa kuwa ni yeye aliyewahi kufanya hivyo. Aliitoa vizuri, akaitoa na ile mpya kwenye kasha lao na kukishusha kijiti. Lakini wakati wa kuiweka kwenye bodi yao, watu wanne wanamwangalia mgongoni na mmoja ameanza kusonya, alifanya haraka. Hakunyanyua kijiti. Iliposita kuingia, dole gumba lake likafanya kile ambacho limefanya kwa ndimi za mbao maisha yake yote: likaisukuma kidogo. Kidogo tu. Alipoinyanyua, pini mbili za pembeni zilikuwa zimelala.

Ile haikuwa prosesa yao tena. Ilikuwa mali ya mtu.

"Ukizivunja," alisema mwenye ofisi, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele, "na mimi nitafunga."

Baba Pacha alifungua mdomo. Lile neno lake lilikuwa palepale, tayari kutoka. Halikutoka. Aliiweka prosesa mezani mbele ya mkewe. "Sijui nifanye nini," alisema.

Mama Pacha alikuwa ameshatoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake, ile namba tisa anayotembea nayo. "Mama, nishikie lenzi. Wewe nenda mlangoni kama ulivyoambiwa."

Aliingiza ncha ya sindano chini ya pini ya kwanza, akaiinua upana wa uzi, akaacha ipumzike. Akaiinua tena. Bibi hakuuliza kitu chochote kwa dakika nne, jambo ambalo familia hiyo haikuwahi kulishuhudia. Pini ya kwanza ilisimama. Ya pili ilichukua muda zaidi, kwa sababu ilikuwa imelala kuelekea nyingine, lakini nayo ikasimama. Mama Pacha alinyanyua kijiti, akashusha prosesa, na safari hii ilizama yenyewe. Alifunga feni, akachomeka waya wa kioo cha ofisi kwenye kasha lao, akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka.

"Analia," alisema Bibi.

Mwanafunzi mmoja kwenye mstari alicheka bila kujua anacheka nini.

Hatua ya kwanza mpaka ya nne Mama Pacha alizisoma kwenye risiti na kuzifuata kwa kidole. Mstari mrefu mtupu ukatokea kwenye kioo, ukaanza kujaa rangi ya buluu: asilimia mbili, asilimia tatu. Mwenye ofisi aliamuru mtu yeyote asiguse swichi wala asichomeke simu. Hapo taa zikafifia, zikarudi, zikafifia tena.

"Mchomelea vyuma," alisema mwenye ofisi. "Hapo ubavuni. Kila akigusa chuma taa zangu zinazimia. Mwambieni aache."

Aliyekuwa mlangoni ni Baba Pacha, basi alikwenda yeye, mbio. Mchomelea vyuma alikuwa mteja wake wa zamani na mtani wake. Alivua miwani ya kazi.

"Nizime? Kwa nini, Futi?"

"Kompyuta inaandikwa upya ndani. Umeme ukiyumba inakufa."

"Inaandikwaje ndani?"

"Sijui."

"Hujui?" Mchomelea vyuma aliweka chini kishikio cha mashine. "Wewe? Futi?"

"Sijui, ndugu yangu. Mke wangu anajua kiasi. Zima tu dakika kumi, nakuomba."

Mchomelea vyuma alizima, si kwa sababu ya kompyuta bali kwa mshangao, kisha akamfuata mpaka ofisini ili na yeye aone. Wateja walikuwa wamefika saba. Wote walikuwa wamesogea nyuma ya Mama Pacha, hakuna aliyesonya, wanatazama ile rangi ya buluu ikitambaa. Mtu mmoja alinong'ona sitini na nane. Mwingine akasema sabini. Mwenye ofisi alikuwa ameng'oa penseli moja na anaitafuna.

Ilipofika mia, kioo kikazima.

Mwenye ofisi aliacha kutafuna penseli. Kikawaka.

Walitoa prosesa ya zamani, wakamrudishia mwenyewe, mashine yake ikaamka kama kawaida. Walipoiweka ile mpya kwenye kasha lao, bodi iliitaja kwa jina lake lote, herufi na namba, pembeni juu ya kioo. Mama Pacha aliligusa jina lile kwa kidole.

"Namba ya simu niachie," mwenye ofisi alimwambia, tayari amerudi kuchapa. "Yako wewe, si ya mzee. Mashine yangu ya pili nayo imekuwa nzito."

 

Mama Pacha aliugeuza mchoro kuwa mishono Alhamisi yote iliyobaki, usiku mashine ikaishona nembo, na Ijumaa saa tano na dakika ishirini walikuwa katika ofisi ya katibu wa shule, yeye na mumewe, nguo zimepigwa pasi. Juu ya meza palikuwa na bahasha nyingine. Yule mwenye wafanyakazi sita alikuwa ameshapita.

Katibu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Aliiweka nembo ya Mama Pacha kando ya ile nyingine. Aliisugua kwa dole gumba, akaigeuza kuona mgongo, akavuta kona zake.

"Fundi," alimwambia Baba Pacha, "hii ikifuliwa haitakunjamana?"

"Muulize mwenyewe," alisema Baba Pacha. "Mimi ni mbebaji."

Mama Pacha alieleza: kitambaa kigumu alichoweka nyuma, na kwa nini alipunguza mishono kwenye mwenge. Katibu alisikiliza, akaisukuma ile bahasha nyingine pembeni.

"Na fulana za michezo?" aliuliza katibu. "Nataka nembo hiihii juu ya fulana za kuvutika. Mwenzako anasema kwake hakuna shida yoyote. Wewe unaweza?"

Mama Pacha alikuwa hajawahi kudarizi kitambaa cha kuvutika. Baba Pacha alijua hivyo, na alijua jibu linalotakiwa. Alilisikia likimpanda kooni. Mkewe alifikiri kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki, na kimoja lazima kimshinde mwenzake.

"Sijui," alisema. "Sijawahi. Nipe fulana moja nikajaribu, nitakurudishia Jumatatu na nitakwambia kweli."

Katibu alimtazama juu ya miwani kwa muda ambao Baba Pacha aliuona mrefu kuliko ule wa rangi ya buluu. Kisha akainama, akavuta droo, akatoa fulana moja nyeupe iliyokunjwa.

"Sweta chukua zote mia nne," alisema. "Mwaka juzi mtu aliniambia hakuna shida. Nilipokea nembo mia tatu zimejikunja kama majani makavu. Hii ya fulana tutaongea Jumatatu."

Walishuka kilima bila haraka. Mama Pacha alikuwa amekumbatia fulana kifuani na machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Mumewe alitembea kando yake. Kisha akauliza kitambaa kikivutika, uzi unafanyaje. Mkewe akamwambia hajui bado. Akauliza kama kile kigumu cha nyuma kingesaidia. Akauliza je, mishono ikiwa ya kulala badala ya kusimama. Aliuliza mpaka wakafika chini, na mengi hayakuwa na jibu.